King Tubby: fundi wa radio aliyejifunza kutengeneza muziki kwa kuondoa

Hakuwa mupiga gita. Hakuwa mwimbaji. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo sana, hata kikundi cha wapiga muziki hakingeweza kuingia. Hata vile, Osbourne Ruddock, mwenye watu wote walimuita King Tubby, alibadilisha namna muziki unatengenezwa mu dunia nzima. Alianza na chuma cha kuchomea waya mukononi, akifungua radio za majirani.

Historia yake inagusa kabisa vijana wa kwetu wenye wanajifunza kutengeneza biti na nyimbo. Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, hadithi ni moja: kompyuta moja ya kushirikiana, mikro ya kuazima, umeme wenye unakatika katikati ya kazi. Kijana anamaliza wimbo, anausikiliza pembeni ya wimbo wa Kinshasa ao wa Lagos, na moyo unamuvunjika. Wake unasikika kama umefungiwa ndani ya kisanduku. Anazania kama ni mashine njo inakosa. Kisha anaongeza ngoma ingine, kinanda kingine, sauti ingine, na wimbo unazidi kuharibika. King Tubby alipita njia ingine. Njia hiyo ilimuomba miaka mingi.

Mutoto wa Kingston

Osbourne Ruddock alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza 1941, mu Kingston, muji mukubwa wa Jamaika. Jamaika ni kisiwa cha bahari ya Karaibu. Wakati ule kilikuwa bado koloni la Uingereza, na kilipata uhuru tarehe 6 mwezi wa nane 1962. Alikomalia kwanza katikati ya muji, upande wa High Holborn Street. Mu miaka ya 1950 akahamia Waterhouse, kartie ya upande wa mangaribi yenye watu wengi na feza kidogo.

Kwa Kiingereza, jina Tubby linafanya watu wafikiri mutu munene. Yeye alikuwa mwembamba. Inaelezwa kwa kawaida kwamba jina lilitoka ku Tubman, jina la familia ya mama yake. Lile neno King, ni kusema mufalme, lilikuja kisha, mu michezo ya muziki ya usiku, pahali watu walikuwa wanapana ufalme kwa mwenye kuwashinda wengine.

Kijana huyo alipenda vitu vya umeme. Alifuata masomo ya elektroniki mu Kingston, na pia masomo yenye yalikuwa yanatumwa kwa posta kutoka Marekani: unapokea karatasi, unasoma peke yako, unajibu, unarudisha. Hakuna mwalimu wa kusimama nyuma yako. Kile hakikueleweka, inaomba ukirudilie mpaka kieleweke. Wenye kujifunza leo peke yao mbele ya simu wanaijua hali hiyo.

Kisha masomo, alifungua kazi ya kutengeneza. Radio, televizyo, pasi za umeme, yote ilipita mu mikono yake. Lakini kazi yenye ilimujulisha kwa watu ilikuwa ingine: ampli za muziki wa nje.

Vita ya bafle

Ili kuelewa Tubby, inaomba kuelewa namna watu wa Kingston walikuwa wanasikiliza muziki. Mu miaka ya 1950, watu wengi wa makartie ya maskini hawakuwa na mashine ya kuchezesha sahani. Radio nayo haikupiga sana muziki wenye walipenda. Njo maana kulitokea watu wenye walinunua ampli na bafle kubwa, wakaziweka mu uwanja, wakapiga sahani usiku kucha. Watu walilipa mulangoni, walinunua bia na chakula. Mitambo hiyo ya kutembea iliitwa saundi sistemu.

Wenye mitambo walishindana vikali. Kati ya wakubwa kulikuwa Coxsone Dodd na Duke Reid, mwenye alikuwa zamani polisi, kisha akawa muuzaji wa pombe. Kila mumoja alitaka sauti nzito kuliko ya mwenzake, na sahani zenye mwenzake hakuwa nazo. Wakati mwingine walituma vijana kuharibu muziki wa wengine. Mutambo ukikufa katikati ya usiku, wachezaji walihamia kwa jirani, na feza zote zikaenda nao. Kwa hiyo fundi wa kweli alikuwa mutu wa maana sana.

Ampli za wakati ule zilitumika na lampi za kioo zenye zinapata joto kali. Transfo, kile kipande cha chuma chenye kimezungushiwa waya wa shaba, iliweza kuungua. Tubby alijua kuzizungusha transfo yeye mwenyewe kwa mukono, duru moja kisha ingine, kwa hesabu. Ukikosea hesabu, sauti inakuwa dhaifu ao mashine inaungua tena.

Hapo njo masomo yake ya sauti yalianzia, hata kama yeye mwenyewe alikuwa anatafuta tu mukate wa siku. Fundi wa ampli anajifunza kwamba besi inakula nguvu nyingi kuliko sauti zingine zote. Anajifunza kwamba ukiipa bafle moja sauti zote kwa pamoja, zinagombana: besi inafunika mwimbaji, na sauti kali inaumiza sikio. Anajifunza kuzigawanya, nzito ku bafle kubwa, nyembamba ku bafle ndogo, kila moja na nafasi yake. Kijana mwenye kuchanganya wimbo leo ku kompyuta anapambana na shida ile ile, lakini mara nyingi hakuna mutu alimuambia jina la shida.

Ku mwisho wa miaka ya 1950 Tubby alianza mutambo wake mwenyewe. Ulikuwa mudogo, wa sherehe za pale kartieni. Aliuita Home Town Hi-Fi. Pole pole, akatengeneza kipande kimoja, akabadilisha kingine. Mu mwaka wa 1968 mutambo ule ulikuwa umeshaanza kuogopwa Kingston. Kulikuwa kukubwa kuliko wake. Lakini wake ulisikika safi, besi ikiwa nzito bila kukwaruza, na ndani yake alikuwa ameweka eko, yenye inafanya sauti ya mikro irudi na kurudi kama mutu anayeita ku bonde.

Wimbo bila mwimbaji

Mu mwaka huo wa 1968, Tubby alipata kazi kwa Duke Reid, mu studio Treasure Isle, yenye ilikuwa juu ya duka la pombe. Kazi yake haikuwa kurekodi. Alikuwa mukataji wa sahani. Mashine moja inachora mustari wa sauti ku sahani laini, ili wenye saundi sistemu waende kuijaribu wimbo mbele ya watu kabla haujauzwa. Sahani zile laini hazikudumu. Kisha kuchezwa mara kadhaa, zilikuwa zinaisha.

Mu miaka ile, kosa moja lilitokea mu studio ileile. Ruddy Redwood, mwenye mutambo wa muziki mu Spanish Town, alikuja kukatiwa sahani ya wimbo wa kikundi The Paragons. Fundi alisahau kufungua njia ya sauti za waimbaji. Sahani ikatoka na muziki peke yake. Redwood hakuirudisha. Aliipiga mbele ya watu: kwanza ile yenye waimbaji, kisha ile yenye haina. Watu wakaanza kuimba wenyewe, wakajaza nafasi yenye ilikuwa imebaki wazi.

Watengenezaji wa muziki walielewa haraka kwamba wimbo mumoja unaweza kuuzwa mara mbili: upande wa kwanza wa sahani waimbaji, upande wa pili muziki tu. Ilikuwa biashara nzuri, kwa sababu haikuomba kulipa tena wapiga muziki. Lakini wengi waliishia hapo, kunyamazisha waimbaji na kuacha muziki uendelee.

Tubby, akiwa mbele ya mashine ya kukata sahani, alianza kucheza na nafasi ile. Kwa nini kuondoa waimbaji moja kwa moja? Kwa nini usiwaachie mustari mumoja, kisha uwakate ghafla, na neno la mwisho lipotelee mu eko? Kwa nini gita isiondoke pia, ibaki ngoma na besi peke yake, kisha irudi wakati hakuna mwenye anaingojea? Alikata sahani zile za majaribio kwa ajili ya mutambo wake mwenyewe, akaenda kuzipiga usiku.

Juu ya sahani zile alikuwa na mutu wake wa mikro, Ewart Beckford, mwenye alijulikana kwa jina la U-Roy. Pahali Tubby aliacha wazi, U-Roy aliingia na maneno yake, nusu ya kuimba, nusu ya kuongea. Mu mwaka wa 1970 Duke Reid alimuingiza U-Roy mu studio, na nyimbo zake zikashika nafasi za kwanza mu Jamaika. Muziki wa kuongea juu ya biti, wenye leo unajaza simu za vijana, una muzizi mumoja pale. Kool Herc, mwenye alianzisha michezo ya hip-hop mu Bronx, New York, mu mwaka wa 1973, alikuwa mutoto wa Kingston mwenye alihamia Marekani akiwa kijana, na alibeba mawazo ya saundi sistemu.

Konsole ya zamani mu nyumba ya Dromilly Avenue

Tubby alitaka kufanya kazi ile kwake. Shida ilikuwa feza. Mashine za studio zilikuwa za bei ya watu wakubwa.

Bahati ilitoka kwa wenye walikuwa wanatupa. Studio Dynamic, moja ya zenye nguvu mu Kingston, ilikuwa inanunua mashine mupya, na konsole yake ya zamani ya njia nne ilibaki bila kazi. Mutengenezaji Bunny Lee, rafiki wa Tubby, alisaidia ili mashine hiyo imufikie. Ilikuwa karibu na mwaka wa 1972. Tubby aliiweka mu nyumba ya namba 18 Dromilly Avenue, mu Waterhouse.

Njia nne ni kidogo sana. Programu ya bure ya simu leo inapana nyingi kuliko hizo. Kwa mfano njia moja inabeba ngoma, ingine besi, ingine gita na kinanda pamoja, na ya mwisho mwimbaji. Na kwa sababu nyumba haikuwa na nafasi ya kikundi, Tubby hakuweza kurekodi wapiga muziki. Watengenezaji walirekodi kwingine, mu studio kubwa, kisha walimuletea tepu. Kwake aliweza tu kufanya vitu viwili: kuchanganya zile njia nne, na kurekodi mwimbaji. Chumba cha mwimbaji kilikuwa bafu ya zamani ya nyumba, yenye alikuwa amegeuza.

Mutu mwingine angeona umaskini. Tubby aliifungua konsole kama vile alikuwa anafungua radio. Aliweka vitelezi vyenye vilisogea laini chini ya kidole, ili aweze kuingiza na kuondoa sauti bila kelele ya kukatika. Alijenga eko kwa kutumia tepu yenye inazunguka. Alitumikisha pia kisanduku chenye kina springi ndani, chenye kinafanya sauti ibaki inavuma kama mu kanisa kubwa. Akakigonga kwa mukono, na springi zikatoa mushindo kama radi. Radi ile inasikika mu sahani zake nyingi.

Konsole ile ilikuwa na kidude kimoja kikubwa cha kuzungusha, chenye kazi yake ni kuondoa sauti nzito hatua kwa hatua. Kwa fundi wa kawaida ni kitu cha kusafisha besi kidogo, kisha kinasahauliwa. Tubby alikizungusha wakati wimbo unaendelea. Ngoma zikawa nyembamba, zikapanda kama mvuke, kisha ghafla akairudisha besi yote. Wale wenye walikuwa wanacheza walisikia kama ardhi imerudi chini ya miguu yao. Kikawa kama sahihi yake.

Mikono ku konsole, bila kurudi nyuma

Kazi hiyo ilipewa jina la dabu. Inaomba kuelewa vizuri namna ilifanywa, juu hapo njo kuna somo kwa mwenye kuanza.

Hakukuwa kompyuta ya kukumbuka. Tepu ya njia nne inazunguka upande mumoja, na upande wa pili mashine ingine inarekodi. Kati yao, mikono ya Tubby. Wimbo wa dakika tatu ulichanganywa mu dakika tatu. Kila kitu alichokata, kila eko aliyotupa, ilibaki vile. Akikosea, anarudisha tepu mwanzo na anaanza tena yote, na mara hiyo wimbo unatoka tofauti. Njo maana tepu moja iliweza kuzaa dabu nyingi zisizofanana.

Kufanya hivyo kunaomba kuujua wimbo kwa moyo kabla ya kugusa kitu. Mwenye kuchanganya anajua pahali mwimbaji atapumua, pahali ngoma itavunjika, pahali gita ina mustari wenye unastahili kubaki peke yake. Mwenye kusikiliza kwa kina anaweza kuondoa bila kuua. Mwenye hasikilizi, anaondoa kile chenye kilikuwa kinabeba wimbo.

Na kulikuwa hatua ya mwisho, yenye vijana wengi wanaruka. Tubby hakujihukumu yeye mwenyewe ndani ya chumba. Alikuwa na mutambo wake nje. Kile alichochanganya muchana, kilipigwa usiku mbele ya watu wenye walilipa feza yao. Kama besi ilikuwa nyingi, aliisikia mu bafle zake. Kama nafasi aliyoacha ilikuwa ndefu sana, aliona wachezaji wakisimama. Kesho yake alirudi ku konsole akiwa na jibu. Miaka ya kwenda na kurudi hivyo ilifanya sikio lake kuwa la pekee.

Mu miaka ya 1970, upande wa pili wa sahani nyingi za Jamaika ulibeba jina lake. Watu walianza kununua sahani kwa ajili ya upande ule, na jina la mwenye kuchanganya liliandikwa mu herufi kubwa, kitu chenye hakikuwa cha kawaida. Mbele ya hapo, fundi wa sauti alikuwa mutu wa nyuma, kama mupishi mwenye wageni hawamuoni. Alitumika na Bunny Lee, Lee Perry, Yabby You, Glen Brown na wengine. Kazi yake na Augustus Pablo, mupiga melodika, ilitoa albamu ya King Tubby Meets Rockers Uptown mu mwaka wa 1976. Wapenzi wa rege wanaitaja mpaka leo kati ya albamu kubwa za dabu.

Hata jina lake lilipofika London na New York, hakuacha kutengeneza vyombo. Kazi ya transfo iliendelea pembeni ya konsole. Wenye walimujua walieleza mutu mutulivu, mwenye kupenda usafi na utaratibu, mwenye alipenda kusikiliza jazi wakati wake wa kupumzika.

Shule bila ubao

Nyumba ya Dromilly Avenue ikawa shule. Haikuwa na ubao wala cheti. Kijana alikuja, alitumwa kufanya kazi ndogo, aliangalia, na siku moja alipewa konsole.

Philip Smart alijifunza pale, kisha akahamia New York mu miaka ya 1970, na baadaye alifungua studio yake kule. Lloyd James, mwenye alijulikana kwa jina la Prince Jammy, alikuwa ameishi Canada. Alirudi Jamaika na akachukua nafasi mbele ya konsole. Wa tatu alikuwa Hopeton Brown, mwenye alizaliwa mu mwaka wa 1960. Alikuja akiwa kijana mudogo, juu ya transfo na vyombo vya kutengeneza. Kisha akapewa jina la Scientist, ni kusema mwanasayansi. Mbele hajafikisha miaka 25, sahani za dabu zilikuwa zinauzwa Ulaya na jina lake juu.

Inaomba kuona vile mukubwa yule alifanya. Angeweza kuficha siri zake, juu kila mwanafunzi aliweza kuwa mushindani kesho. Ni kweli pia kwamba yeye peke yake hangeweza kumaliza tepu zote zenye zilikuwa zinakuja, na jina la nyumba liliandikwa hata ku kazi zenye wanafunzi walifanya. Lakini walitoka pale wakijua kazi, na karibu kila mumoja alisimama kwa miguu yake.

Wakati mashine ndogo ilishinda

Mu mwaka wa 1985, mabadiliko makubwa yalitoka kwa mwanafunzi. Jammy alitoa wimbo wa Wayne Smith, Under Mi Sleng Teng. Muziki wake wote ulijengwa juu ya mupigo wenye ulikuwa tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio, kile cha kununuliwa watoto na wenye kujifunza. Hakukuwa mupiga besi wala mupiga ngoma. Jamaika yote ilishituka. Mu miezi kidogo tu, kila mutu alitaka muziki wa mashine, na wapiga muziki wengi walikosa kazi.

Tubby alikuwa na miaka 44. Angeweza kubaki ku utukufu wa zamani. Lakini mwaka ule ule alikuwa amejenga studio kubwa zaidi mu Waterhouse, ya kuweza sasa kurekodi kila kitu kuanzia mwanzo. Kwa mara ya kwanza hakuwa tena mutu wa kungojea tepu ya wengine. Alianza kutoa nyimbo ku majina yake mwenyewe ya biashara, kama Firehouse na Waterhouse. Wimbo Tempo wa Anthony Red Rose, wa mwaka 1985, ni wa mashine mupya, lakini besi yake nzito na nafasi zake tupu zinaonyesha ni mukono gani ulipita. Fundi wa lampi alikuwa amekubali kuwa tena mwanafunzi.

Usiku wa tarehe 6 mwezi wa pili

Mu miaka hiyo Kingston ilikuwa muji wa bunduki. Tangu miaka ya 1970, vyama vya siasa vilikuwa vimegawanya makartie ya maskini, na vikundi vya vijana vilikuwa vimepewa silaha. Waterhouse iliitwa Firehouse, nyumba ya moto, juu ya risasi. Hilo lile jina njo Tubby aliliandika ku sahani zake.

Tarehe 6 mwezi wa pili 1989, alirudi kwake Duhaney Park kisha kazi ya studio. Alipigwa risasi mbele ya nyumba yake na akafa. Alikuwa na miaka 48. Watu wengi walizania kwamba ni wizi. Hakuna mutu mwenye alihukumiwa. Mutu mwenye alitumika maisha yake yote ndani ya chumba, bila kubeba bendera ya chama chochote, alikufa kifo chenye wakaaji wengi wa muji wake walikuwa wanakufa. Wakaaji wa mashariki ya Congo hawahitaji kufasiriwa kifo kama hicho: mutu anatoka kazini, anafika mulangoni, na familia inabaki bila jibu.

Kazi yake haikufa naye. Leo, kila mara mutengenezaji wa muziki anatoa toleo lingine la wimbo, anakata sauti ya mwimbaji na kuiacha irudi mu eko, ao anaondoa ngoma zote mbele ya besi kuanguka, anapita mu njia yenye Tubby alifungua. Programu za kompyuta zina vifungo vya kuiga eko ya tepu na mushindo wa springi. Vinauzwa kwa feza kwa vijana wenye labda hawajawahi kusikia jina la Dromilly Avenue.

Miaka ilipita kati ya radio ya kwanza yenye alifungua na konsole ya njia nne, na hakuna mwaka mumoja wenye alikuwa na mashine yenye alitaka. Alikuwa na ile yenye wengine walikuwa wameacha. Aliifungua, akaijua mpaka waya wa mwisho, akasikiliza, akaondoa kimoja, akaenda kujaribu mbele ya watu, na kesho yake akaanza tena.